Shaka Lililofungua na Shaka Lililofunga: Uhakiki wa Hoja ya Papai katika Hotuba ya Chato, Mei 2020

Ikisiri

Makala haya yanahakiki hoja iliyotolewa na Rais John Pombe Magufuli wa Tanzania huko Chato tarehe 3 Mei 2020, kwamba vipimo vya virusi vya korona havikuwa vya kuaminika kwa sababu papai na mbuzi navyo viliripotiwa kuwa na virusi hivyo. Uhakiki umeongozwa na nadharia ya balagha ya Aristotle pamoja na dhana ya Robert Merton ya shaka lenye utaratibu. Makala yanabainisha kwamba swali lililoulizwa Chato lilikuwa halali kisayansi, lakini namna lilivyofungwa ililitoa katika sayansi. Kisa cha makala ya jarida la The Lancet, iliyochapishwa na kuondolewa katika majuma yaleyale, kimetumika kama kigezo cha ulinganishi. Hoja kuu ni kwamba thamani ya shaka haipimwi kwa ukali wake, bali kwa kile kinachofuata baada yake: takwimu kufunguliwa au kufungwa.

1.0 Utangulizi

Mgonjwa wa kwanza wa UVIKO-19 nchini Tanzania alitangazwa tarehe 16 Machi 2020. Siku iliyofuata Serikali ilitangaza kufungwa kwa shule. Majuma saba baadaye, tarehe 3 Mei, Rais Magufuli alihutubia taifa kutoka Chato katika hafla ya kumwapisha Waziri wa Katiba na Sheria. Katika hotuba hiyo alieleza kwamba sampuli zisizo za binadamu, zikiwemo za papai, fenesi, mbuzi, kondoo, kware na oili ya gari, zilipewa majina na umri wa watu, kisha zikapelekwa Maabara Kuu ya Taifa bila wapimaji kujua asili yake. Baadhi yake, papai na mbuzi zikiwemo, zilirudi na jibu la kuwa na virusi. Nyingine zilirudi na majibu tofauti. Mara baada ya hotuba hiyo mkurugenzi wa maabara alisimamishwa kazi na kamati ya uchunguzi ikaundwa. Katika mwezi huohuo utangazaji wa takwimu za ugonjwa ulikoma, na kumbukumbu za kimataifa zikabaki na wagonjwa 509 na vifo 21 kwa muda wa zaidi ya mwaka.

Hotuba hiyo ilipokelewa kwa namna mbili. Vyombo vingi vya habari vya nje viliicheka, na papai likawa kichekesho. Wafuasi wengi wa Rais waliisifu kama ushindi dhidi ya mabeberu. Namna zote mbili ziliiacha hoja yenyewe bila kuhakikiwa. Kicheko si hoja, na shangwe nayo si hoja. Anayecheka hajaeleza kosa liko wapi, na anayeshangilia hajaeleza usahihi uko wapi.

Mwandishi wa makala haya anaanza akiwa upande wa wenye kushuku. Msimamo wake ni kwamba kauli ya kisayansi haistahili heshima kwa sababu ya cheo cha anayeitoa wala kwa sababu ya nchi ilikotoka. Kwa sababu hiyohiyo, kauli ya anayeishuku sayansi nayo haina budi kupitishwa katika chekeche lilelile. Uhakiki huu haukusudii kumhukumu marehemu, wala kukadiria ni watu wangapi walifariki nchini katika kipindi hicho. Unakusudia kuisoma hotuba kama matini ya Kiswahili iliyobeba hoja ya kisayansi, na kuuliza hoja hiyo inasimama hadi wapi.

2.0 Kiunzi cha Uhakiki

Aristotle alibainisha njia tatu ambazo msemaji hutumia kuishawishi hadhira: haiba ya msemaji mwenyewe, hisia za wanaomsikiliza, na mantiki ya hoja. Njia hizi hazitengani katika hotuba iliyo hai, lakini mhakiki huweza kuzitenganisha ili aone ni ipi iliyobeba mzigo mkubwa zaidi.

Kwa upande wake, Merton, katika andiko lake la mwaka 1942 kuhusu maadili ya sayansi, alitaja nguzo nne: maarifa kuwa mali ya jumuiya nzima, hoja kupimwa bila kujali aliyeitoa, mtafiti kutotanguliza maslahi yake, na shaka lenye utaratibu. Wasomaji wengi hukumbuka nguzo ya nne na kuzisahau tatu za kwanza. Makala haya yanashikilia kwamba nguzo hizi hutegemeana. Shaka linaweza kuwa na utaratibu pale tu ambapo matokeo yamewekwa mbele ya jumuiya, ili yeyote aweze kuyarudia na kuyapinga.

Lugha yetu yenyewe inatoa onyo katika jambo hili. Neno mashaka ni wingi wa shaka, lakini pia lina maana ya taabu na dhiki. Shaka moja lililoelekezwa kwenye swali moja huzaa maarifa. Mashaka yaliyotawanyika kila upande humwacha mtu katika dhiki, bila jambo la kushika.

3.0 Uhalali wa Swali

Hatua ya kwanza ya uhakiki wa haki ni kutambua kilicho sahihi. Kupeleka katika maabara sampuli ambazo wapimaji hawajui asili yake ni njia inayokubalika ya kupima ubora wa kazi. Maabara zinazoheshimika hupelekewa mara kwa mara sampuli za namna hii, nyingine zikiwa na kiambukizi na nyingine zikiwa hazina, ili ionekane kama majibu yanalingana na ukweli unaojulikana na mtumaji peke yake. Katika muktadha huo, wazo la Chato halikuwa upuuzi. Lilikuwa na kiini cha jaribio.

Aidha, wasiwasi juu ya majibu chanya ya uongo una msingi wa kihesabu. Tuchukulie kipimo kinachowatambua wagonjwa wote, na ambacho kikimpima mtu asiye na ugonjwa hukosea mara 1 katika kila 100. Tuchukulie pia kwamba watu 10,000 wamepimwa, na mwenye ugonjwa ni 1 katika kila 1,000. Wagonjwa wa kweli watakuwa 10, ilhali watu wapatao 100 wasio na ugonjwa watapewa jibu la kuwa nao. Katika kila majibu 11 ya kuugua, moja tu litakuwa la kweli. Hali hubadilika wanapopimwa wenye dalili na waliokaribiana na wagonjwa, kwa kuwa miongoni mwao ugonjwa ni mwingi zaidi. Hata hivyo, mfano huu unaonesha kwamba kuuliza kuhusu makosa ya kipimo ni wajibu wa kila mwenye kutumia takwimu.

Haiba ya msemaji nayo ilikuwa na uzito. Magufuli alikuwa na shahada ya uzamivu ya kemia kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliyoipata mwaka 2009 kwa utafiti uliohusu mafuta ya maganda ya korosho. Hadhira ilimsikia Rais, lakini pia ilimsikia mkemia. Hisia za hadhira vilevile zilikuwa tayari. Mwezi mmoja kabla, daktari na mtafiti wa Ufaransa walijadiliana katika runinga kuhusu kuijaribu chanjo ya kifua kikuu barani Afrika dhidi ya korona, na Mkurugenzi Mkuu wa Shirika la Afya Duniani akalaani kauli hizo. Kumbukumbu ya Kano, Nigeria, ambako mwaka 1996 kampuni ya Pfizer iliijaribu dawa ya Trovan kwa watoto wakati wa mlipuko wa homa ya uti wa mgongo, ilikuwa bado hai barani. Aliyezishuku taasisi za nje mwaka 2020 hakuwa na haja ya kubuni sababu za kufanya hivyo.

4.0 Pengo la Mantiki

Haiba na hisia zikiwekwa kando, mantiki ya hoja inabaki na mapengo matatu.

Pengo la kwanza ni la njia iliyopitwa na sampuli. Kipimo cha PCR hutafuta kipande cha chembe za urithi za kirusi na kukizidisha mara nyingi hadi kionekane. Kwa kuwa ni chepesi mno wa kunasa, kinaweza kunasa hata uchafu mdogo uliotoka kwenye mkono wa mchukua sampuli, meza ya maabara, au sampuli jirani yenye virusi vingi. Papai lililoshikwa na watu linaweza kubeba mabaki ya virusi kwenye ganda lake bila kuugua. Jibu la papai, kwa hiyo, lilikuwa na maelezo zaidi ya moja. Hotuba yenyewe ilitaja uwezekano zaidi ya mmoja: watumishi kutumiwa na wenye nia mbaya, au vifaa kuwa na kasoro. Kila uwezekano ulihitaji jaribio lake. Uchafuzi wa sampuli hugunduliwa kwa kupitisha maji safi katika hatua zote za upimaji. Kasoro ya vifaa hugunduliwa kwa kupima sampuli zilezile kwa vifaa vya aina nyingine. Hujuma hugunduliwa kwa kurudia upimaji katika maabara nyingine. Kwa maelezo yaliyotolewa kwa wananchi, hakuna lolote kati ya hayo lililotangulia hitimisho.

Pengo la pili ni la kiufundi, na ndilo lingeweza kutoa jibu lenye manufaa zaidi. Baadhi ya vifaa vya PCR hutafuta pia jeni ya binadamu katika kila sampuli, ili kuthibitisha kwamba kijiti cha pamba kweli kiligusa pua au koo la mtu. Kwa vifaa vya aina hiyo, sampuli ya papai isiyo na chembe ya binadamu hukosa alama ya jeni hiyo, na dosari hiyo huonekana kwa mpimaji makini. Vifaa vya aina nyingine havina kinga hiyo. Swali la msingi lilikuwa hili: vifaa gani vilitumika, na karatasi za majibu zilionesha nini kuhusu jeni ya binadamu? Swali hilo lina jibu la ndiyo au hapana, na jibu hilo lingeweza kuokoa sifa ya maabara au kuiangusha kwa haki. Tarehe 7 Mei, mkurugenzi wa Kituo cha Umoja wa Afrika cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa, John Nkengasong, alisema hadharani kwamba vipimo vilivyosambazwa barani vilifanya kazi vizuri. Kauli hiyo nayo ilikuwa kauli tu. Kilichohitajika kutoka pande zote mbili ni karatasi za maabara.

Pengo la tatu ndilo kubwa kuliko yote. Tukubali, kwa ajili ya hoja, kwamba maabara ilikosea vibaya. Nini kinafuata? Kinachofuata ni kwamba hatujui idadi ya wagonjwa. Inaweza kuwa ndogo kuliko iliyotangazwa, kwa sababu ya majibu chanya ya uongo. Inaweza pia kuwa kubwa kuliko iliyotangazwa, kwa kuwa maabara isiyoweza kutofautisha papai na mtu haina sifa ya kuaminiwa inapomwambia mtu kwamba hana ugonjwa. Kipimo kibovu hakithibitishi kwamba ugonjwa haupo. Kinathibitisha kwamba mizani imeharibika. Mfanyabiashara anayegundua kwamba mizani yake ni mbovu hatangazi kwamba gunia ni jepesi. Hutafuta mizani nyingine. Katika mjadala wa taifa uliofuata, hatua kutoka “hatujui” hadi “si tatizo kubwa” ilivukwa bila daraja. Katika hatua hiyo shaka lilikoma kuwa shaka na kuwa imani mpya.

5.0 Shaka Lisilo na Ulinganifu

Kipimo kingine cha uadilifu wa mwenye kushuku ni iwapo analielekeza shaka lake kila upande. Katika hotuba ileile, Rais alieleza nia ya kutuma ndege Madagascar kuchukua dawa ya mitishamba. Kinywaji hicho, kilichopewa jina la Covid-Organics na kutengenezwa kwa mmea wa artemisia, kilikuwa kimezinduliwa na Rais Andry Rajoelina tarehe 20 Aprili 2020. Siku chache baada ya hotuba, ujumbe wa Tanzania ulikwenda kukichukua.

Mkabala wa hoja hizi mbili ndani ya matini moja unastahili kuangaliwa kwa makini. Kipimo cha PCR kiliwekewa mtego wa sampuli zenye majina bandia. Kinywaji hakikuwekewa mtego wowote. Hotuba haikupendekeza wagonjwa wagawanywe katika makundi mawili, moja likipewa dawa na lingine likipewa kinywaji kinachofanana nayo, bila wapimaji kujua nani kapewa nini. Jaribio la namna hiyo ni dada wa jaribio la papai, kwa kuwa yote mawili huficha utambulisho ili macho yasidanganywe na matarajio. Aliyeifahamu mbinu ya kwanza aliifahamu ya pili. Tofauti haikutokana na upungufu wa maarifa. Ilitokana na upande ambao maarifa yaliruhusiwa kuelekea. Nyani, kama wahenga walivyosema, haoni kundule.

Shaka hilohilo lilihamia baadaye kwenye chanjo. Mwishoni mwa Januari 2021, akiwa tena Chato, Rais alitoa hoja kwamba kama watu wa nje wangekuwa na uwezo wa kutengeneza chanjo, wangekuwa wameshapata chanjo ya UKIMWI, malaria na saratani. Hoja hii ina sura ya mantiki, lakini inachukulia kwamba magonjwa yote ni mlima mmoja, na kwamba aliyeshindwa kuupanda upande mmoja hawezi kuupanda upande mwingine. Historia inakanusha dhana hiyo. Ndui ilitangazwa kutokomezwa duniani mwaka 1980 kwa sababu ya chanjo, ilhali chanjo ya malaria ilikuwa bado inatafutwa. Kirusi cha UKIMWI hujificha ndani ya chembe za urithi za mgonjwa na kubadilika upesi, na ugumu wake hausemi lolote kuhusu kirusi kingine. Oktoba 2021, Shirika la Afya Duniani lilipendekeza matumizi ya chanjo ya kwanza ya malaria kwa watoto, na hivyo sehemu moja ya hoja ikapitwa na wakati.

6.0 Kisa Linganishi: Makala ya The Lancet

Ili isionekane kwamba uhakiki huu unatetea taasisi za sayansi dhidi ya kila anayezishuku, ni muhimu kutazama shaka jingine la mwezi uleule. Tarehe 22 Mei 2020, jarida la The Lancet lilichapisha makala iliyodai kuchambua taarifa za wagonjwa 96,032 kutoka hospitali 671 katika mabara sita. Makala hiyo ilihitimisha kwamba dawa za klorokwini na haidroksiklorokwini zilihusishwa na ongezeko la vifo. Siku tatu baadaye Shirika la Afya Duniani lilitangaza kusitisha kwa muda sehemu ya majaribio yake iliyohusu haidroksiklorokwini. Jarida lilikuwa na heshima ya karne mbili, waandishi walikuwa na vyeo, na idadi ya wagonjwa ilikuwa ya kutisha.

Watafiti zaidi ya 100 waliandika barua ya wazi ya kuipinga. Moja ya hoja zao ilihusu Afrika. Kwa mujibu wa makala hiyo, takribani robo ya wagonjwa wote wa bara hili na asilimia 40 ya vifo vyake vilitokea katika hospitali zilizounganishwa na kampuni moja ya Marekani, Surgisphere, zikiwa na mifumo ya kisasa ya kuhifadhi taarifa za wagonjwa. Yeyote anayezijua hospitali zetu angelishuku dai hilo papo hapo. Wapingaji walitaka takwimu ghafi zifunguliwe. Kampuni haikuzitoa kwa wakaguzi huru, na tarehe 4 Juni makala ikaondolewa, siku 13 tu baada ya kuchapishwa.

Visa hivi viwili vinafanana kwa mengi. Vyote vilihusu janga moja, mwezi mmoja, na mashaka juu ya takwimu zenye mamlaka. Vinatofautiana katika mambo mawili. Kwanza, wapingaji wa makala ya The Lancet walidai milango ifunguliwe, ilhali baada ya Chato milango ilifungwa. Pili, wapingaji hao hawakudai kwamba kuanguka kwa makala hiyo kulithibitisha ubora wa haidroksiklorokwini. Walisema tu kwamba makala haikuwa ushahidi. Jaribio kubwa la Uingereza, lililotangaza matokeo tarehe 5 Juni, lilionesha kwamba dawa hiyo haikuwasaidia wagonjwa waliolazwa. Wenye kushuku walishinda kuhusu takwimu, na bado dawa haikufaa. Kuushinda ushahidi mbovu wa mpinzani hakumpi mtu ushahidi wake mwenyewe.

7.0 Nani Ana Haki ya Kushuku?

Shaka lenye utaratibu linamtaka kila mmoja awe na haki ya kuuliza. Muktadha wa kisheria wa hotuba ya Chato haukuwa hivyo. Mabadiliko ya Sheria ya Takwimu ya mwaka 2018 yaliweka adhabu kwa anayesambaza takwimu zinazokinzana na takwimu rasmi, hadi yalipolegezwa mwaka 2019 baada ya kukosolewa ndani na nje ya nchi. Julai 2020, kanuni mpya za maudhui ya mtandaoni zilikataza kuchapisha habari za mlipuko wa magonjwa hatari bila idhini ya mamlaka husika.

Hapa ndipo uhakiki wa balagha unapokutana na siasa. Rais aliishuku maabara ya Serikali yake mwenyewe, na hotuba yake ikarushwa nchi nzima. Muuguzi aliyeshuku kwamba wodi yake ilikuwa na wagonjwa wengi kuliko ilivyosemwa hakuwa na nafasi hiyo. Shaka lilishuka kutoka juu; kupanda kutoka chini lilizuiwa. Shaka linaloruhusiwa kwa mmoja na kukatazwa kwa wengine ni amri iliyovaa joho la swali.

Wanataaluma nao hawawezi kujitoa katika lawama. Vyuo vikuu vyetu vina wanabiolojia, wanatakwimu na wahakiki wa lugha. Jaribio la papai lilikuwa rahisi kurudiwa, na swali la jeni ya binadamu lingeweza kuulizwa na mwanafunzi wa mwaka wa tatu. Mjadala wa wazi kwa Kiswahili, katika kiwango ambacho hadhira ya Chato ingeweza kuufuata, ulikuwa haba mno. Uwanja ukabaki kwa wanaocheka na wanaoshangilia.

8.0 Hitimisho

Makala haya yameonesha kwamba hotuba ya Chato ilikuwa na swali halali, jaribio lenye kiini sahihi, na hadhira yenye sababu za kihistoria za kutoamini. Kilichokosekana ni utaratibu: jaribio halikurudiwa hadharani, maelezo mbadala hayakutenganishwa, dawa haikupimwa kwa kipimo kilichotumika kwa maabara, na takwimu zilizotiliwa shaka zilikomeshwa badala ya kurekebishwa. Mei 2021, kamati ya wataalamu iliyoundwa na Rais Samia Suluhu Hassan ilipendekeza takwimu zitolewe na chanjo ziruhusiwe, na tarehe 28 Julai mwaka huo Rais mwenyewe alichanjwa hadharani. Mabadiliko hayo yalithibitisha kwamba milango ingeweza kufunguliwa tangu mwanzo.

Inapendekezwa kwamba watafiti wa balagha ya Kiswahili wazichunguze hotuba zinazohusu sayansi kama wanavyozichunguza hotuba za kampeni, kwa maswali matatu. Je, msemaji ametaja ushahidi ambao ungemfanya abadili msimamo? Je, amekitumia kipimo kilekile kwa anachokipenda na anachokichukia? Je, baada ya kushuku, amefungua takwimu au amezifunga? Maswali haya yanamfaa Rais, kampuni ya dawa, mhariri wa jarida, na mwandishi wa makala haya pia. Wahenga walisema asiyekubali kushindwa si mshindani. Vivyo hivyo, asiyekubali kuthibitishiwa kwamba amekosea hajashuku bado. Amechagua tu upande.